KIDOLE KILICHO MOTONI: Kazi na Matunzo ya Themokapo katika Tanuri la Gesi

Maelezo yaliyotolewa katika semina ya makatibu, watunza ghala na wajumbe wa kamati za vyama wanachama



Katika vyama vingi vya ushirika daftari la mali huandikwa kwa kufuata thamani ya kitu. Tanuri huandikwa, mizani huandikwa, mitungi ya gesi huandikwa kwa hesabu yake na kwa kilo zake. Lakini ndani ya tanuri hilo kuna kitu kidogo, chembamba kama kalamu, chenye mkia mrefu wa shaba uliojikunja kuelekea kwenye vali, ambacho hakiandikwi katika daftari lolote, hakitajwi katika kikao chochote, na aghalabu hakijulikani jina hata na yule anayeliwasha tanuri kila siku. Mafundi hukiita themokapo. Kazi yake ni moja: pasipo na moto, gesi isipite.

Yafaa kueleza kwanza yaliyotokea katika chama kimoja, ambacho hakuna haja ya kukitaja jina kwa kuwa wanachama wake wamekwisha kupata hasara ya kutosha. Chama hicho kina kiwanda kidogo cha mikate. Tanuri lake ni la gesi ya mitungi, na wateja wake wakubwa ni shule mbili za bweni zinazotaka mikate kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Mwokaji mkuu ni mzee wa makamo aliyeifanya kazi hiyo tangu ujana wake, mtu mwangalifu na mwaminifu, asiyejua ulevi wala uvivu. Hilo lasemwa kwa makusudi, kwa maana ajali inapotokea watu hupenda kuamini kwamba imesababishwa na mzembe.

Siku moja jioni kitufe cha kuwashia tanuri kikaanza kugoma. Mwokaji alikibonyeza, akawasha kwa njiti, moto ukashika. Lakini kila alipoachia kidole, kitufe kiliruka na moto ukazimika. Akarudia mara saba, mara nane. Unga ulikuwa umekwisha kuumuka. Akamwendea katibu, ambaye kwa umri angeweza kuwa binti yake.

"Mwanangu, kitufe hakikai. Nikikiachia, moto unakufa."

"Basi tuzime, mzee wangu. Kesho nitampigia fundi."

"Na mikate ya watoto wa shule?"

Katibu hakuwa na jibu. Mzee akarudi tanurini, akachonga kipande cha mti kama kabari, akakichomeka baina ya kitufe na ukingo wa chuma, akakaza kwa waya. Tanuri likawaka usiku kucha na mikate ikafika shuleni kwa wakati. Asubuhi katibu aliiona ile kabari. Alikusudia kumwita fundi, lakini siku hiyo palikuwa na malipo ya wanachama, na siku iliyofuata palikuwa na jambo jingine. Na kwa kuwa tanuri lilikuwa linafanya kazi, fundi hakuitwa. Kabari ilikaa pale wiki tatu. Katika kitabu cha kazi hakikuandikwa neno hata moja juu yake.

Usiku wa ajali mtungi uliishiwa gesi wakati mzee yumo katika chumba cha pili akikata unga. Moto ukazimika wenyewe. Kijana msaidizi, kama alivyofundishwa, akaufunga mtungi mtupu, akaufunga mpya mahali pake, akaufungua, akarudi kupaka mafuta vikaango vya mikate. Alisikia harufu ya gesi kidogo, lakini harufu kidogo husikika kila mtungi unapobadilishwa, naye hakuishughulikia. Baada ya muda akakumbuka kwamba tanuri linahitaji kuwashwa upya. Akafungua mlango, akawasha njiti. Kijana huyo aliungua mikono na uso, akakaa hospitali na nyumbani zaidi ya miezi miwili. Mlango wa tanuri ulikutwa upande wa pili wa chumba.

Yafaa kuangalia kwa makini kilichotokea pale. Mtungi ulipokwisha na moto kuzimika, themokapo ingekuwa imepoa katika muda usiozidi dakika moja hivi, na vali ingejifunga. Mtungi mpya ungefunguliwa, na gesi ingesimama nyuma ya vali iliyofungwa ikimngoja mtu abonyeze kitufe na kuwasha. Kabari ndiyo iliyoifanya vali ibaki wazi huku kichomeo hakina moto. Kijana hakukosea hatua hata moja ya kubadilisha mtungi. Alifundishwa kazi ya tanuri lenye ulinzi, akaachiwa tanuri lililoondolewa ulinzi, na hakuna aliyemwambia.

Sasa, chombo hiki hufanyaje kazi bila betri wala waya wa umeme kutoka ukutani?

Metali mbili za aina tofauti zikiunganishwa ncha kwa ncha, na kiungo chao kikatiwa joto huku ncha za upande wa pili zikibaki baridi, umeme kidogo huzaliwa na kupita katika metali hizo. Jambo hili liligunduliwa mwaka 1821 na mtaalamu Thomas Johann Seebeck, aliyekuwa akifanya majaribio yake huko Berlin. Aliona sindano ya dira ikisogea alipopasha joto upande mmoja wa metali mbili zilizounganishwa, naye akadhani kwamba ni usumaku uliozaliwa na joto. Alikosea katika maelezo, wala hakukosea katika kile alichokiona. Wenzake ndio waliofahamu kwamba uliopita mle ni umeme, na ya kuwa umeme huo ndio uliosogeza sindano. Hata hivyo jina lake ndilo lililobaki katika elimu hiyo.

Themokapo ya tanuri ni kiungo kama hicho kilichofichwa ndani ya kidole cha chuma. Kidole hicho husimama ndani ya mwali, ama mwali wa kichomeo chenyewe, ama mwali mdogo wa kuwashia unaokaa ukiwaka daima pembeni. Umeme unaotoka ni kidogo mno: kwa kawaida milivolti 20 hadi 30. Betri moja ya tochi ina volti moja na nusu, yaani milivolti 1,500. Kwa hiyo themokapo nzima, ikiwa katika afya njema, haifikishi zaidi ya sehemu moja ya hamsini ya betri ya tochi. Mwenye kukumbuka hesabu hii ataelewa mara moja kwa nini uchafu mdogo au nati iliyolegea hulitia tanuri zima katika matatizo. Umeme wa ukutani hupenya kutu na masizi. Umeme wa themokapo hauna nguvu hiyo.

Umeme huo husafiri kwa ule mkia wa shaba hadi kwenye vali. Mkia ni bomba jembamba lenye waya uliopitishwa katikati, na baina yao kuna kizuizi ili visigusane. Ndani ya vali mna koili ndogo ambayo, umeme ukipita, hugeuka kuwa sumaku. Na hapa pana jambo ambalo waokaji wengi hawajaelezwa: sumaku hiyo haina nguvu ya kuivuta vali ifunguke. Ina nguvu ya kuishikilia tu, ikishafunguliwa. Nyuma ya vali mna springi inayoisukuma ifunge wakati wote. Ndiyo sababu mwashaji hulazimika kubonyeza kwa kidole: kidole chake hushinda springi, hufungua njia ya gesi, na huipeleka vali mpaka igusane na sumaku. Kisha hungoja sekunde kumi, ishirini, pengine thelathini, mpaka ncha ya themokapo ipate joto la kutosha. Hapo akiachia, sumaku hushika mahali pa kidole chake. Mwali ukifa kwa sababu yoyote, uwe umepulizwa na upepo, au mtungi umekwisha, au maji yamemwagika, ncha hupoa, umeme hupungua, sumaku huachia, na springi hufunga. Mlio wake mdogo wa "ta!" husikika kwa mwenye kutega sikio.

Basi ulinzi wote wa tanuri umo katika ule udhaifu wa sumaku. Mtu akiufidia udhaifu huo kwa kabari, kwa waya, kwa jiwe au kwa mpira wa baiskeli, ameifanya vali ile kuwa bomba tupu. Wapo wanaosema kwamba kabari ni hatua ya muda tu, mpaka fundi aje. Kabari ya muda mfupi na kabari ya muda mrefu hazina tofauti kwa gesi, na mwenye kuvumilia kabari usiku mmoja ataona ni vigumu kueleza kwa nini asiivumilie usiku wa pili.

Hesabu kidogo ya gesi yenyewe italionyesha jambo hili vizuri zaidi. Gesi ya mitungi ni mchanganyiko wa propeni na buteni, iliyogandamizwa ikawa maji. Kilo moja yake ikitoka na kuwa hewa hujaza takriban nusu ya mita moja ya ujazo, yaani lita 500 hivi. Nayo huanza kuweza kulipuka inapofika karibu sehemu mbili katika kila mia ya hewa, na huendelea kuwa hatari hadi karibu sehemu kumi katika mia. Chukua tanuri linalokula kilo moja kwa saa, ambalo tumbo lake ni mita moja ya ujazo. Sehemu mbili katika mia ya tumbo hilo ni lita 20, ambazo ni gramu 40 tu za gesi. Kichomeo kilicho wazi bila moto hutoa gramu hizo kwa muda usiofika dakika tatu. Wala mtu asidhani kwamba gesi ikizidi sehemu kumi katika mia hatari imepita. Mlango ukifunguliwa hewa huingia, mchanganyiko hurudi katika kipimo kile kile cha kulipuka, na anayefungua mlango ndiye aliye karibu kuliko wote.

Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Propeni ni nzito kiasi cha mara moja na nusu, na buteni mara mbili. Kwa hiyo haipandi juu ikatoka kwa madirisha; hushuka, hutambaa sakafuni, huingia katika mashimo na chini ya meza, na kungoja. Dirisha la juu pekee halisaidii: chumba cha tanuri chahitaji tundu la hewa karibu na sakafu. Gesi asilia, kama ile ya Songo Songo iliyoanza kutumika Dar es Salaam mwaka 2004, ni nyepesi kuliko hewa na hupanda juu. Chama kitakachobadili aina ya gesi kikumbuke kwamba matundu ya hewa nayo yapaswa kufikiriwa upya, pamoja na matundu ya kichomeo. Ama harufu, gesi ya mitungi kwa asili haina harufu ya kumwonya mtu. Ile inayosikika hutiwa kwa makusudi kiwandani. Lakini pua huchoka. Mtu akikaa katika harufu ndogo kwa muda, huacha kuisikia, na ndiyo sababu ushahidi wa "sikusikia chochote" usichukuliwe kuwa ni uongo.

Turejee kwa mzee wa chama kile. Baada ya ajali fundi aliitwa, naye akaichunguza themokapo. Ilikuwa nzima. Kilichokuwa kimetokea ni kwamba mtu aliyefagia chini ya tanuri, wiki tatu nyuma, aligonga kishikio chake kwa mpini wa ufagio, na ncha ikasogea nje ya mwali kwa upana wa kidole. Ncha haikupata joto la kutosha, sumaku haikuweza kushika, kitufe kikagoma kama kilivyopaswa kugoma. Matengenezo yake yalikuwa kulegeza skrubu moja, kuirudisha ncha mahali pake, na kukaza. Kazi ya dakika kumi, bila kununua hata senti moja ya kipuri.

Kwa sababu hiyo, kitufe kinapogoma, jambo la kwanza ni kuzima, kufunga mtungi, kufungua mlango wa tanuri na madirisha, na kungoja tanuri lipoe. Ndipo uchunguzi uanze, tena kwa utaratibu.

Kwanza huangaliwa mahali ilipo ncha. Yapasa sehemu ya juu ya kidole, kiasi cha sentimita moja hivi, izungukwe na mwali. Ikiwa pembeni, haipati joto. Ikiwa imezama mno, upande wa chini nao hupata joto, na kwa kuwa umeme huzaliwa na tofauti ya joto kati ya ncha na chini yake, nguvu hupungua. Pili huangaliwa mwali wenyewe. Mwali mzuri ni wa buluu na umesimama imara. Mwali wa njano, mrefu na unaolegea, unakosa hewa. Huzaa masizi, na masizi huivika ncha koti linaloikinga na joto. Katika kiwanda cha mikate aghalabu chanzo chake ni vumbi la unga lililojaa katika njia ya hewa ya kichomeo. Katika majiko ya gesi ya kulelea vifaranga ni manyoya na vumbi la pumba. Na katika yote mawili, kama tanuri limekaa wiki kadhaa bila kutumiwa, ni buibui, ambao hupenda sana kutanda nyumba zao ndani ya vibomba vya kichomeo. Mwenye kuona ajabu na afungue kichomeo kilicholala msimu mmoja.

Tundu la mwali mdogo ni jembamba mno, na ndilo lenye kuharibiwa zaidi na watu wenye nia njema. Likiziba lipulizwe kwa hewa, au lioshwe kwa spiriti na kuachwa likauke kabisa. Lisichomwe kwa sindano wala kwa waya. Sindano hupanua tundu. Tundu likishapanuka mwali hubadilika, na hakuna njia ya kulirudisha ila kununua jipya.

Masizi juu ya ncha yafutwe kwa kitambaa kikavu, au kwa uzi laini wa chuma kama ule wa kusugulia sufuria, kwa mkono mwepesi. Tupa na msasa mkali haviruhusiwi, kwa kuwa ganda la ncha ni jembamba na likitoboka themokapo imekwisha. Upande wa pili wa mkia, pale unapoingia katika vali, nati hufunguliwa, uso wa kiungo hufutwa kwa kitambaa kisafi kikavu, na nati hurudishwa. Hapo pasitiwe mafuta wala grisi. Na hapo pasikazwe kwa nguvu za ujana: nati hukazwa kwa vidole mpaka ishike, kisha spana huongeza robo ya mzunguko, basi. Ndani yake kuna kikinga kidogo cha kuzuia umeme. Kikipondwa, umeme hupotea mlemle na sumaku haipati kitu. Themokapo nyingi zilizotupwa kuwa ni mbovu ziliuawa na spana. Kadhalika mkia wenyewe usikunjwe kwa pembe kali. Ukunjwe kwa mduara mpana, mbali na mahali penye moto.

Ikiwa yote hayo yamefanywa na kitufe bado kinagoma, mwenye mita ya umeme aweza kupima. Themokapo ikipashwa joto vizuri na bado haifikishi milivolti 20, imechoka, na dawa yake ni mpya. Ikiwa inafikisha bila taabu na vali haishiki, ubovu umo katika koili au ndani ya vali, na hapo mikono ya chama inapaswa kukoma. Vali haifunguliwi na mwokaji, wala na katibu, wala na fundi wa redio wa jirani. Ni kazi ya fundi wa gesi aliyefundishwa.

Themokapo haidumu daima, hata ikitunzwa. Ncha yake hupikwa kila siku, nayo hudhoofika polepole. Kwa bahati njema ni miongoni mwa vipuri vya bei ndogo katika tanuri zima, na hakuna sababu yoyote ya chama chenye tanuri kukosa moja ghalani. Lakini zatofautiana: kuna za mkia wa sentimita 60, za sentimita 90 na nyinginezo, na nati zake si za kipimo kimoja. Anayetumwa mjini kununua aende na ile ya zamani mkononi, au namba ya tanuri iliyoandikwa vizuri, la sivyo atarudi na kitu kizuri kisichoingia popote.

Yapo matanuri mapya yasiyo na themokapo. Hayo huwa na kifimbo cha chuma ndani ya mwali, na kidude cha umeme hupeleka umeme kidogo kupitia mwali wenyewe. Mwali ukiwapo umeme hupita, usipokuwapo haupiti, na vali hufungwa mara moja, kwa sekunde chache tu. Yanahitaji umeme wa ukutani au betri, na umeme unaopimwa humo ni mdogo kuliko hata ule wa themokapo. Ugonjwa wao mkubwa ni ule ule: kifimbo kuvaa ganda la uchafu. Dalili yake ni tanuri kuwaka sekunde chache na kuzima, kisha kuwaka na kuzima tena. Hapa pia kusafisha kwa mkono mwepesi hutosha mara nyingi.

Ndugu Makatibu, ni haki kusema pia yale ambayo themokapo haiyawezi. Haioni gesi inayovuja katika mpira, kwenye regulata au kwenye kichwa cha mtungi. Hizo hutafutwa kwa povu la sabuni, kamwe si kwa njiti. Haizuii hewa ya sumu isiyo na harufu inayotokana na moto unaokosa hewa katika chumba kilichofungwa. Yenyewe hulinda mahali pamoja, pale ambapo moto umezimika na gesi ingali wazi. Mtu akikilaumu chombo kwa kazi isiyo yake, kesho atakidharau hata katika kazi yake.

Sasa laja jaribio, ambalo ndilo linalopaswa kuingia katika ratiba ya kila chama chenye tanuri, jiko la vifaranga au chemshio la maji la gesi. Lafanywa mara moja kwa mwezi, madirisha na milango ikiwa wazi, na watu wawili wakiwapo. Tanuri huwashwa, na saa huangaliwa ni sekunde ngapi kitufe kimeshikiliwa mpaka kikakubali kuachiwa. Likishawaka dakika kumi, mtungi hufungwa. Moto ukizimika, mmoja huangalia saa na mwingine hutega sikio penye vali, mpaka mlio wa kujifunga usikike. Kwa kawaida hauchukui zaidi ya dakika moja hivi. Maelezo ya mtengenezaji wa tanuri hutaja kipimo chake. Kisha, bila kugusa kitufe na bila moto wowote karibu, mtungi hufunguliwa tena kwa muda mfupi. Pasisikike mvumo wala harufu kichomeoni. Pakisikika, mtungi hufungwa, na tanuri hilo haliwashwi tena mpaka fundi aje, hata kama unga umeumuka. Kabla ya kuwasha upya baada ya jaribio, mlango huachwa wazi dakika tano au zaidi.

Matokeo huandikwa katika daftari la tanuri: tarehe, sekunde za kushikilia, sekunde za kujifunga, majina ya wawili waliokuwapo, na sahihi ya katibu. Wapo watakaouliza kwa nini sahihi iwe ya katibu na si ya mwokaji peke yake. Chama ndicho mwajiri. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, nayo Kenya ina yake ya mwaka 2007, na katika zote mbili wajibu wa kuweka mitambo salama uko kwa mwajiri. Katika ajali iliyosimuliwa hapo juu, kamati ilitaka kwanza kumwachisha kazi yule mzee. Wanachama katika mkutano mkuu wakauliza swali moja: ni nani aliyempa njia nyingine usiku ule? Hapakuwa na kipuri ghalani, hapakuwa na namba ya fundi ukutani, na hapakuwa na azimio lolote la kamati lililosema kwamba tanuri likigoma, mikate ya siku hiyo isiokwe na shule ziarifiwe. Mzee aliachwa afanye uamuzi ambao haukuwa wake. Yeye mwenyewe alisimama akasema kwamba kabari aliichonga kwa mkono wake na hamlaumu mtu. Lakini mkutano haukumwondoa.

Azimio lililopitishwa siku ile ni fupi, na vyama vingine vyaweza kulinakili jinsi lilivyo: yeyote katika zamu ana mamlaka ya kuzima tanuri likigoma, hatakatwa mshahara kwa mikate isiyookwa, na kamati itabeba hasara. Fungu la matengenezo likatengwa katika makisio, na themokapo mbili zikanunuliwa, zikaandikwa katika daftari la mali kama mizani na mitungi inavyoandikwa.

Jaribio la mwezi sasa hufanywa na mzee yule pamoja na kijana aliyeungua, ambaye alirudi kazini. Daftari lao laonyesha kwamba kwa miezi mingi kitufe kilishikiliwa kiasi cha sekunde kumi na mbili. Baadaye ikaandikwa ishirini, na mwezi uliofuata thelathini na tano, ingawa ncha ilikuwa safi na mwali wa buluu. Katibu aliposoma namba hizo hakungoja kitufe kigome. Akatoa themokapo moja ghalani, akamwita fundi siku ya Jumapili tanuri likiwa baridi, na Jumatatu ikaandikwa tena sekunde kumi na moja.